Sahihi Niliyoitia Kabla ya Kumuuliza Mapendo

Jumatano. Mvua tangu asubuhi, na leo nimekula nikashiba.

Bon, haya, niandike kabla sijapoteza ujasiri.

Ofisi yetu ya serikali inawahifadhi watoto waliopotezana na wazazi wao kwa sababu ya vita. Wanalala katika shule moja hapa Kisangani mpaka ndugu zao wapatikane. Kanuni yetu haina mchezo: mtoto haondoki na mtu yeyote kabla hajaulizwa akiwa peke yake.

Alhamisi iliyopita alikuja bwana mmoja, shati limepigwa pasi, mkononi ana barua ya mkuu wa mtaa wake. Alisema yeye ni tonton, yaani mjomba, wa Mapendo, msichana wa miaka saba ambaye tangu afike alikuwa haongei sana. Alijua jina la mama yake, alijua kijiji chao. Mapendo mwenyewe alimsalimia. Watu walikuwa wamejaa mlangoni, kichwa kinaniuma.

Nikatia sahihi karatasi ya kumtoa mtoto.

Sikumuuliza mtoto. Mama Odile, mpishi wetu, ndiye aliyemwona Mapendo akifunga nguo zake kwenye kanga huku analia. Akaongea naye jikoni, kisha akaja kuniambia kwa sauti ya chini:

"Mutoto anasema huyu haiko tonton yake. Ni mwenye alibavushaka mutoni na pirogi."

Kumbe ni mwenye mtumbwi aliyewavusha mto, ndiyo maana alijua jina na kijiji. Niliwakuta getini, tayari bwana yule amemshika mkono. Nikamwambia kuna swali moja limebaki. Alibishana, kisha akakiri kwamba mke wake amejifungua na anatafuta msichana wa kumsaidia nyumbani; kwake mtoto angekula vizuri kuliko kwetu, alisema. Labda hakuwa mtu mbaya. Sijui. Nilimnyang'anya karatasi nikaichana, naye akaenda zake akinung'unika.

Tangu siku hiyo nilikuwa nikirudisha sahani yangu jikoni bila kuigusa.

Leo mama yake Mapendo amefika kutoka Opala. Wenzetu wa huko walimpata, wakampandisha boti. Alipomwona binti yake dirishani, akakaa chini kwenye matope. Wenzangu wote waliniambia nimpe tu mtoto wake. Nilikataa. Nilimwomba asubiri, akakasirika, akauliza kama ni mimi niliyemzaa.

Alikuwa na haki ya kukasirika.

Nilimchukua Mapendo jikoni, nikafunga mlango.

"Ule mama mwenye iko inje ni nani?"

Alinitazama kama vile mimi ni mtu asiye na akili.

"Ni mama yangu. Niende?"

Nikafungua mlango. Nimelia kuliko wao wawili, na sikuona haya.

Lakini chef wangu, mkuu wa ofisi, anaamini kanuni ilifanya kazi. Amenisifu mbele ya wenzangu, nami nikamshukuru, kwa sababu ile karatasi haipo tena ya kuonyesha nilichofanya.

Asubuhi nitamwandikia yote: sahihi, getini, Mama Odile. Atafoka. Na afoke. Ila nitamwomba jambo moja, kwamba kuanzia sasa mtu mmoja asiweze tena kumtoa mtoto kwa sahihi yake peke yake, hata kama mtu huyo ni mimi.