Sanamaki ya Baba

Wadogo zangu,

Baba amelala, redio msiiwashe. Akiamka apewe maji, kidogo kidogo, na uji mwepesi. Tumbo likimkata sana, akiona damu au akishikwa na kizunguzungu, mpelekeni zahanati papo hapo. Msinisubiri.

~~Msimcheke.~~ Mcheke akianza yeye.

Choo kilikuwa kimemgomea, ndiyo jana akachemsha sanamaki. Mwenye duka la dawa alimwambia anywe kikombe kimoja wakati wa kulala, kisha asubiri mpaka asubuhi. Lakini fundi wetu mnamjua, hata kifungo cha shati anakishona mara mbili. Alipoona kimya, akashushia cha pili.

Jamani! Majani makavu, ukiyapuliza yanaruka, yamemkimbiza chooni alfajiri yote mzee ambaye hakuna kati yetu aliyewahi kumbandua kwenye cherehani.

Pakiti nimeificha, msiitafute. Ile si dawa ya kila siku. Akishatulia tumbo, ni maji mengi, papai, maharage, na atoke kutembea. Kukaa kutwa kwenye kile kiti ndiko kunakomfunga.

Halafu kuna hili. Alipotoka chooni mara ya mwisho aliniambia, "Nishike mkono, mwanangu." Baba huyu huyu! Nikamshika. Mkono wenyewe mwepesi kama yale majani, na miaka yote hii sikujua.

Mimi nawahi kazini. Mchana mshikeni nyinyi, hata asipoomba.

Dada yenu