Kuivisha Tango Kilo

Alhamisi, 8 Mei 2025

Mkia umeisha! Wiki nzima nimepigana na huyo korongo wa mkiani. Mara shingo inakuwa nene, mara miguu inakuwa mifupi, mpaka nyanya yangu, Haboba, akaniuliza kwa nini mjukuu wake anachora bata. Bata! Leo amekaa. Ana shingo yake, ana maringo yake.

Derrick kazini bado haelewi. Mchana kutwa tuko naye kwa saiba, lile duka la kompyuta pale stendi ya Kawangware 46, tukitengeneza mabango ya matanga na ya krusedi, halafu narudi hapa Kibera kukaa kwa kompyuta nyingine bila kulipwa. Nimemweleza mara ngapi? Kuna watu dunia nzima wanarusha ndege kwa kompyuta. Ni gemu lakini si gemu, kila kitufe kiko pale kilipo kwa ndege ya ukweli. Ndege wanazo. Nguo hawana. Mimi nawavishia. Natafuta picha za mashirika ya ndege yaliyokufa, nachora upya rangi, mistari, maandishi, naweka mtandaoni, mtu anachukua bure.

"Bure?" Derrick akasema. "Wewe unahitaji maombi."

Hii ya sasa ni ya Korongo Airways. Walifunga kabla sijazaliwa. Walikuwa wanatua hapo uwanja wa Wilson, yaani majirani zetu kabisa. Kila ndege ina jina lake la herufi, na mimi nimechagua Fokker moja ambayo herufi zake za mwisho ni T na K. Kwa redio ya marubani, Tango Kilo. Nimeichagua kwa sababu ndiyo yenye picha nyingi. Kwa maelezo nikaandika: "Ilifanya kazi mpaka shirika likafungwa, ikastaafu salama." Sina hakika, lakini nyingi ndivyo huisha. Nimeituma. Leo nalala kama mtoto.

Jumamosi, 10 Mei

Wameipenda! Brazil, Ujerumani, mmoja wa Nakuru. Isipokuwa mzee fulani wa Kanada, ati mstari wa ubavuni "umekaa chungwa sana". Picha zote ni chungwa! Yeye aliiona? Nilitaka kumjibu vibaya, nikaandika "Asante kwa maoni". Unafiki wangu mimi!

Kwenye gemu Kibera haipo. Ukiinuka Wilson unaona miti tu, badala ya mabati. Nilidhani Haboba atakasirika. Amesema ndivyo babu zake, wale wanajeshi Wanubi, walivyoikuta, na huyo aliyeirudisha hivyo apewe soda.

Jumapili, 11 Mei

Sijui nianzie wapi.

Mama Kavoi alikuja kumpima Haboba gauni la Idi. Ni mpangaji wetu hapa Kambi Muru tangu Baba akiwa kijana, fundi wa nguo, Mkamba wa Machakos, akiimba kwaya ploti nzima inajua. Alikuwa ametoka kanisani, tepu ya kupimia shingoni, anamwambia Haboba mambo ya mikono mipana. Mimi nilikuwa nazungusha Tango Kilo kwa skrini, najivunia tu. Mama Kavoi akamwacha Haboba na gauni lake. Akasogea. Akaweka kidole kwa kioo, kwenye mlango wa nyuma wa ndege.

Akauliza nimeitoa wapi. Nikasema nimeichora mimi. Nikaanza kuongea, si mnajua mdomo wangu hauna breki, nikamsomea mpaka maelezo. Ikastaafu salama.

Akachukua mkoba, akatoka. Gauni likabaki kwa kiti na pini zake.

Haboba aliniangalia vile hajawahi kuniangalia. Halafu akaniambia. Muia, mume wa Mama Kavoi, alikuwa mhudumu kwa ndege za Korongo. Mwaka wa sabini na nane, asubuhi ya ukungu, Tango Kilo ilitoka Kisumu ikija Wilson. Haikufika. Waliipata milimani, na hakupona mtu. Mama Kavoi alikuwa na mimba ya Kavoi.

Sasa najua kwa nini picha zake ni nyingi. Ilitoka kwa magazeti, na watu wakahifadhi kila picha yake ya rangi. Nami sikuuliza, niliona tu picha safi nikafurahi. Wenzangu wote huangalia kwanza ndege iliishaje. Aibu! Natamani ardhi inimeze.

Jumanne, 13 Mei

Kavoi hutengeneza mageti Kawangware, karibu na saiba yetu. Miaka yote nampita "Niaje Uncle", naye "Poa Hayat", basi. Leo alinijia mwenyewe. Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza.

Mama yake hali vizuri. Mashine ya kushona ameifunika. Akasema yeye baba yake anamjua kwa picha moja ya pasipoti, na hiyo ndege hataki kuiona, si kwa gazeti, si kwa kompyuta ya mtu.

"Toa hiyo kitu, Hayat. Leo."

Ndio Uncle. Pole Uncle. Nimeitoa. Derrick hakunitania, aliniletea chai na mandazi. Wa Brazil wanauliza imeenda wapi. Wacha waulize.

Ijumaa, 16 Mei

Mama Kavoi amegonga mlango kabla sijaenda kazini. Nikajua leo ni leo. Nikaanza kuomba msamaha, akanikata.

"Mbona umemvalisha nguo si yake?"

Sikuelewa. Akakunjua blanketi. Ya Korongo! Zile za kufunikia abiria. Mtu aliichoma na sigara pembeni, ikatupwa, Muia akaileta nyumbani. Ina mstari ule ule wa chungwa. Nikamwambia ona basi, Mama Kavoi, si ni hii hii? Akacheka. Alicheka jamani! Ati watoto wa siku hizi wanaamini nguo kwa nje. Akachukua wembe, akafumua pindo, akalifungua kwa vidole viwili.

Ndani ya mshono, pahali jua halijawahi kuingia, mstari ni damu ya mzee. Nyekundu nzito, kama imetoka dukani leo.

Kumbe picha zote zimepauka! Zote! Na Mkanada alikuwa sawa, itabidi nimwambie. Na ile nyeupe nayo si nyeupe, ni rangi ya samli. Mama Kavoi alisema Muia alikuwa akijisifu kwamba ndege yao ndiyo peke yake isiyofanana na gari la hospitali.

Nilipiga picha mshono mlangoni, kivulini, nikachukua rangi hapo hapo. Yeye ameshika, mimi napiga. Halafu, macho yakiwa kwa blanketi, akauliza kama ndege yangu inaweza kutoka Kisumu.

Inaweza.

"Na kufika?"

Nikasema inaweza. Ee Mola, nani alinituma?

Jumatatu, 19 Mei

Kushona suruali si kujua kucheza mpira. Mimi ni wa nguo! Leo nimeiangusha Tango Kilo mbugani, na nikaiangusha tena kabla tu ya uwanja. Skrini inakuwa nyeusi, inakuandikia umeanguka. Mama Kavoi akiona hayo maneno?

Kuna pahali unabonyeza ndege inakuwa haivunjiki, hata ukigonga mlima inapita tu. Nimekataa. Hiyo si kufika, hiyo ni kudanganya mjane.

Kavoi amesikia. Alinisimamisha nje ya saiba. Ati mimi nimemtilia mama yake wazimu kichwani, mtu aliyekuwa ametulia. "Ukimwangusha baba yangu mbele ya mama yangu, mimi na wewe tumemalizana." Nikamwambia basi akuje akae na sisi. Akavaa miwani ya kuchomelea, akanipa mgongo. Nilienda chooni nikalia kidogo. Simlaumu.

Alhamisi, 22 Mei

Nimetua! Nikarudi angani, nikatua tena. Mara moja niliruka kama chura lakini magurudumu yalishika. Haboba anauliza kwa nini gemu inanitoa jasho.

Nguo pia imeisha. Damu ya mzee, samli, korongo. Jamani, ni nzuri! Nimeketi kuiangalia tu bila kugusa kitu. Sijaiweka mtandaoni. Hiyo si yangu kuamua.

Jumapili, 25 Mei

Naandika na ndege imesimama hewani. Mikono haina kazi, sasa wacha ishike kalamu.

Mama Kavoi alikuja baada ya kanisa, amevaa suti ya buluu na viatu vya kufunga, kama mtu anayesafiri. Haboba yuko kitandani na tasbihi. Nilikuwa nimeweka hewa safi, jua tupu. Mama Kavoi akauliza ukungu uko wapi. Nikasema sikuuweka. Akafikiria.

"Sawa," akasema. "Hata yeye hangeuweka."

Tukatoka Kisumu. Ziwa likabaki nyuma. Alitaka kuona mlango wa nyuma, nikamzungushia, kwa sababu Muia alikuwa anakaa kwa kile kiti kidogo karibu na mlango. Akaniambia Muia alikuwa mtu wa kuogopa panya lakini mawingu hakuogopa. Ati abiria akilia anampa peremende mbili, moja ya sasa, moja ya kutua. Sijawahi kumsikia akimtaja hivyo, kama mtu aliyetoka kununua mkate.

Milimani alifumba macho. Akaanza kuimba, chini sana, Kikamba. Haboba akaacha kuhesabu tasbihi. Mimi nilishika usukani kwa mikono yote miwili. Vilele vikaja, vikapita chini yetu, vikaisha. Nikamwambia Mama Kavoi, imepita. Akafungua macho. Hakulia. Mimi ndiye nililia, na huku naendesha!

Ngong ikatokea kulia. Nikashusha magurudumu. Wilson ile pale mbele, nyembamba kama utepe. Mama Kavoi akasema hapa, pahali hapa, ndipo alikuwa akiisikia. Akiisikia tu inapita anaweka chai, na chai ikichemka Muia anaingia. Siku ile aliweka mapema.

"Simamisha."

Nikadhani anaogopa. Nikamwambia tumekaribia, tumebakisha kidogo tu, nimefanya mazoezi.

"Simamisha, mwanangu. Si kuna kitufe?"

Nikabonyeza. Ndege ikaganda hewani, pua chini kidogo, mapanga ya injini yamesimama. Akatoa simu akampigia Kavoi, akaiweka kwa sauti ya wote.

"Kuja nyumbani."

Kavoi anamalizia geti la mtu. Akasema ana kazi. Akasema Mama, hiyo ni gemu, hiyo si kitu, Hayat anakuchezea akili. Mama Kavoi hakubishana. Hakukata simu pia. Ameiweka mezani, mbele ya kompyuta, ameweka mikono mapajani.

Nikamwambia Mama Kavoi, nikikaa hivi nitapoteza moyo. Mkono uko tayari sasa, baadaye sijui. Akasema nipumzishe mkono.

"Mimi nimemngoja vya kutosha. Leo amngoje mtoto wake."

Basi tumekaa. Kavoi naye hajakata. Kwa simu tunasikia Kawangware yote, spika ya kanisa, mtu anauza ndizi, ile mashine yake ya kuchomelea inanguruma. Haboba ananitazama, mimi namtazama Haboba. Ndipo nikachukua daftari hili.

Mashine imezimika.

Chuma kimeanguka, kama kimewekwa chini. Hatua. Mtu anamuuliza anaenda wapi na geti halijaisha. Sasa ni pikipiki, na upepo mwingi kwa simu. Haboba ameshika mdomo. Mama Kavoi ametoa leso, amepangusa vumbi kwa skrini, taratibu, kuanzia mkiani.

Sauti ya Kavoi imetoka ndani ya upepo, anapiga kelele ili asikike.

"Mama! Imefika wapi?"

"Iko juu ya nyumba," Mama Kavoi amesema.