Mitumbwi Mezani

KAMATI YA UFUKO WA SAMAKI, GISENYI
Tarehe: 14 Mei 1955
Mahali: Ghala la nyavu
Waliohudhuria: Bw. Hategekimana, Mwenyekiti, Bw. Nzabonimpa, mwenye mtumbwi, Bi. Saidati, kwa niaba ya wachuuzi. Drocella Mukagasana, Katibu.
Hakuhudhuria: Bi. Nyirabahire, mchuuzi. Yuko hospitali.

KUMB. NA. 1/55: KUFUNGUA
Katibu aliomba iandikwe kwanza sauti iliyosikika ufukoni Jumanne: kavu, kama muwa unapovunjwa gotini. Ulikuwa mguu wa Bi. Nyirabahire, uliobanwa kati ya mitumbwi miwili iliyogombania kutua mahali pamoja. Mwenyekiti alisema sauti si ajenda. Imeandikwa.

KUMB. NA. 2/55: NJIA YA KUTUA
Katibu alichora ufuko mezani kwa chaki, akaweka haragwe moja kwa kila mtumbwi na punje za mahindi kuwa wachuuzi. Zilisogezwa mara chache tu, ikaonekana wazi kwamba mitumbwi ikitua upande wa mto, na wachuuzi wakipita upande wa miti, hawatakutana.

Bw. Nzabonimpa alitaka kujua kwa nini mtumbwi wake ni haragwe dogo na wa Mwenyekiti ni haragwe nene. "Mi nakataa! Mutumbwi yangu iko mukubwa kuliko yake."

Mwenyekiti alijibu: "Yako tungetafuta haragwe yenye tundu, maji ipate pa kuingilia."

Suala hili lilijadiliwa kwa kirefu. Maharagwe yalibadilishwa. Bw. Nzabonimpa aliridhika. Mwenyekiti alikasirika, akamwuliza Katibu: "Bon, binti, masista walikufundisha hesabu ao kupika? Haragwe iko haragwe."

Bi. Saidati alimwambia: "Ile bendera ya Wazungu pale bariyeri ya mpaka iko kitambaa tu, baba, na kila siku unaitolea kofia."

Mwenyekiti aliagiza jambo lingoje hadi Bi. Nyirabahire aje mwenyewe kulalamika.

"Atakuja na muguu gani?" aliuliza Bi. Saidati. Mwenyekiti aliita ajenda inayofuata.

KUMB. NA. 3/55: TAARIFA YA KATIBU
Katibu aliarifu kwamba wachuuzi walikwisha kuamua, naye alikwisha kutekeleza. Asubuhi hiyo, kabla ya kikao, walisimika fito ufukoni: zilizopakwa chokaa zinaonyesha mahali pa mitumbwi, zisizopakwa zinaonyesha njia ya wachuuzi. Wapiga makasia hawakuhitaji kuelezwa. Mitumbwi yote ilitua kwa kufuata fito, wa Mwenyekiti ukitangulia. Hakuna aliyeguswa. Fito hazitang'olewa.

Watu walitawanyika saa sita mchana.

Mwenyekiti: (alitoka bila kutia sahihi)
Katibu: D. Mukagasana