Nani Kachimba Mashimo Haya?

Glasgow, Uskochi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mgongo haukusumbui sana na kile kikohozi cha wakati wa ukungu kimekuacha. Mimi ni mzima wa mwili. Wa roho sijui, maana nina hasira ambayo sijawahi kuwa nayo, na ndiyo sababu nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ukisikia nimechukia unaanza kusali rozari, nami nashindwa kumaliza nilichotaka kusema. Sista atakayekuletea barua hii anakuja likizo Mbinga. Mkaribishe kahawa, asiondoke mikono mitupu.

Kazi inaendelea. Nafundisha afya ya jamii, hasa jinsi watu wanavyojikwamua wenyewe wakipatwa na mafuriko au ukame, na kila mwaka nawachorea wanafunzi ngolo zetu ubaoni. Nawaonyesha nyasi zinavyolazwa kwa mistari inayokatana, udongo unavyochotwa katikati kuzifunika, shimo linabaki kushika maji ya mvua na maharage yanaota juu ya matuta. Wanashangaa mlima mkali hivyo unalimwa na udongo hauteremki. Nawaambia mama yangu ndiye fundi. Baridi imenipasua midomo, lakini siyo hiyo iliyonikalisha chini leo.

Unamkumbuka yule mtaalamu wa mazingira wa buti za mpira? Yule aliyeletwa na wenye malori ya makaa ya mawe, baada ya kikundi chenu cha akina mama kulalamika kwamba lundo la makaa walilomwaga juu ya kijito linachafua maji? Ulimchinjia jogoo. Basi nimekutana naye huku, kwenye mkutano wa watu wa mazingira. Alipanda jukwaani na suti yake, akaonyesha picha ukutani, na mama, lilikuwa shamba lako. Nililitambua kwa ule mwamba uliokaa kama kuku aliyeatamia, na mibuni ya marehemu baba pembeni. Akasema, "Mnaona mashimo haya? Wanakijiji wamechimba makaa kiholela, wakayaacha wazi. Ndiyo yanayochafua kijito."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akaendelea, "Niliwauliza kwenye mkutano wa kijiji, nani kachimba mashimo haya? Akina mama wote wakanyoosha mikono, wakapiga na vigelegele. Walikiri wenyewe!" Ukumbi mzima ukacheka.

Ndipo nilipoelewa. Kwetu mwanamke akiulizwa nani kalima ngolo hizi hawezi kukaa kimya, maana ndiyo sifa yake, na ya mama yake, na ya bibi yake. Yeye kasema mashimo, ninyi mkasikia ngolo. Mkajisifu, yeye akaandika kwamba mmeungama. Wala hakujisumbua kuuliza kwenye mashimo hayo panaota nini.

Sasa najua kwa nini mliamriwa kufukia ngolo zenu. Nilipokuuliza kwenye simu ulinijibu, "Mwanangu, mtaalamu kasema, sisi ni nani?" Mkafukia shamba lote kwa mikono yenu, mvua iliyofuata ikabeba udongo na maharage mpaka kijitoni, na lundo la makaa liko palepale, halijaguswa. Mtoto wa kaka Kolumba akalazwa kwa kuharisha, kwa sababu ya maji yale. Simsamehe. Najua utanijibu nini kuhusu kusamehe, na Padri naye najua atasema nini. Simsamehe.

Ningeweza kumuumbua palepale. Nilinyoosha mkono, nikauliza tu, ikiwa watu walichimba kiholela, mbona mashimo yamejipanga vizuri hivyo? Akajibu kwamba walikuwa wanafuata makaa. Nikakaa. Nimewazoea watu wa huku, mama. Angeomba radhi kidogo, wangempigia makofi kwa unyenyekevu wake, tungekunywa chai, yakaisha. Sitaki aaibike mbele ya watu watakaosahau. Nataka aaibike mbele yenu.

Wakati wa chai nikamfuata, nikatabasamu mpaka mashavu yakauma. Nikamwambia mimi ni binti wa kijiji kile. "Dada, kumbe! Watu wa kwenu ni wakarimu mno," akasema. Nikamwambia akina mama wanataka kumwona tena, msimu wa kupanda maharage, mbele ya diwani na wakubwa wa wilaya.

"Basi watanipa heshima kubwa."

"Ee," nikasema, "watakupa."

Amekubali. Nimeshaongea na diwani, naye ameahidi kuwaleta wale wenye kauli juu ya lile lundo.

Sasa nisikilize. Asipewe kiti. Mpeni jembe, mpandisheni shambani kwako, pale penye mteremko mkali, azifukue ngolo mlizofukia kwa neno lake. Shangazi Gaudensia asimame karibu amsahihishe kila tuta, na asipunguze sauti. Wakubwa wakishaona kazi ilivyo, ndipo aulizwe mbele yao, makaa aliyoyaona humo yako wapi? Msimcheke mapema. Mwacheni atoke jasho kwanza.

Nisalimie kaka Kolumba, mwambie sweta ya mtoto iko kwa Sista. Wifi yangu, binti wa Mbamba Bay, mwambie usipa wake, wale dagaa wa ziwani, uliisha siku nyingi na jirani yangu bado analalamika harufu, kwa hiyo anitumie mwingine. Shangazi mpe shikamoo yake. Katekista aniombee, ila asiombe nibadili nia.

Jambo la mwisho, mama. Akishuka mlimani atakuwa na kiu. Wewe unajua nilivyokusumbua na habari ya kuchemsha maji, mpaka ukatenga sufuria ya kazi hiyo tu. Siku hiyo nenda mwenyewe kijitoni, uchote pale chini ya lundo la makaa, umwekee kwenye glasi ya wageni, wakubwa wakiangalia. Usichemshe. Usichuje. Mpe kwa mikono miwili, umwambie karibu.

Mwanao akupendaye,
Skolastika