Sigara Niliyokutuma Kuiwasha

Njoroge mwanangu,

Barua hii nimeianza mara tatu, na kila mara nimeinuka kwenda kuchungulia dirishani, na hakuna ninayemngoja. Ni miezi mitano tangu watu wakuue kwa kipigo pale mjini kwa ajili ya simu uliyompokonya mama mmoja. Sigara nimeacha. Mikono ndiyo haijui pa kukaa.

Makaburini niliwaambia watu kwamba ulipotezwa na marafiki wabaya, vijana wa hapa Ngara, na kwamba bangi na unga ulifunzwa na wao. Wote waliitikia. Mama yako alitazama chini.

Lakini moshi wa kwanza ulitoka kwangu. Kiberiti kilipoisha nilikuita, "Baba, kaniwashie hii jikoni." Baba, kwa kuwa ulibeba jina la baba yangu. Ulikuwa na miaka saba. Uliinamia makaa, ukavuta ili isizime, ukarudi nayo mdomoni huku machozi yanakutoka, na wageni wangu wakacheka hadi wakapiga meza. "Huyu ni mzee kabisa," walisema. Nami nikajivuna, mjinga mimi.

Uliposhikwa na sigara chooni shuleni, nilikuchapa. Uliniuliza tu, "Si hata nyumbani mimi huvuta?" Nikakuongeza viboko. Hilo ndilo linaloniinua kitini.

Jumapili alikuja mjomba wako. Akampa mwanao Kim, tunayemlea sasa, sigara, akamwonyesha jikoni, vile vile, kwa kicheko kile kile. Nilimnyang'anya mtoto, nikaitupa makaani, nikamfukuza mgeni kabla chai haijamiminwa. Kim alilia, akidhani yeye ndiye aliyekosa.

Ndipo nikamweleza mama yako yote. Niliogopa atanilaani. Aliendelea kuchambua sukuma wiki, kisha akasema polepole, "Baba Njoroge, si mimi nilikuwa hapo jikoni? Kila siku nilikuwa hapo."

Nikavuta kiti, tukachambua pamoja, wazee wawili na mboga zao.

Wale niliowadanganya kaburini kwako nitawaambia ukweli, kanisani, nikiwa nimesimama. Na Kim akianza kuuliza habari zako atazisikia kwangu, kabla mtaa haujamwambia.

Pumzika, Baba. Sitakutuma tena.

Mimi baba yako