Siku Niliyoweka Java kwenye Kompyuta ya Otieno

Jumatatu, Rodi Kopany

Leo nimempiga shemeji yangu, na sijutii. Ningepata kitu kizito zaidi ningempiga nacho.

Mchana nilikuwa naweka JDK, zana za kuandikia programu za Java, kwenye kompyuta ya marehemu mume wangu, Otieno. Darasa la Java linaanza kesho, na bila hiyo siwezi kuandika programu yoyote. Ilikuwa karibu kumaliza kuingia wakati shemeji Omondi aliingia bila hodi.

"Hiyo mashine ni ya ndugu yangu. Naichukua."

"Ngoja imalize, shemeji, tuongee."

Akanizaba kofi, nikaanguka na kiti. Alipoinama kung'oa nyaya nilimpiga kibodi ya uso, nikarudia, mpaka vitufe vikatawanyika sakafuni. Akanikaba koo. Nikamuuma mkono hadi nikaonja damu yake. Nilitaka kumuua. Mungu anisamehe, nilitaka kweli.

Mama mkwe ndiye alitutenganisha. Alimchapa mwanawe mgongoni kwa mpini wa jembe.

"Umemzika Otieno, sasa unataka kumzika na mke wake? Toka!"

Omondi alitoka akitema damu, akiapa atarudi na vijana.

Mama akanipangusa mdomo kwa leso yake, kisha akatazama skrini.

"Nyar Uriri, imeandika nini hapo?" akauliza, akiniita binti wa Uriri, kwetu nilikozaliwa.

"Inasema imeingia vizuri, Mama."

"Basi soma."

Akavuta kiti, akaketi mlangoni na mpini mapajani. Mpaka sasa hajaondoka. Shingo inaniuma na naogopa sana, lakini asubuhi nitatafuta kibodi nyingine.