Chokaa Haijui Ijumaa

Rusayl, Muscat
Jumapili jioni, baada ya kazi

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta barazani, miwani puani, na goti lako la kushoto limekusamehe kidogo. Dada Mwanaisha aliniambia linakusumbua tangu mvua za vuli. Je, unalikanda kwa maji ya moto, au umeshaona uvivu? Mimi ni mzima. Mgongo unalalamika, lakini mpakia mizigo ambaye mgongo wake haulalamiki, ujue huyo anategea.

Naandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu sikio lako hukuchezea, na kwa sababu nilichonacho moyoni siwezi kukipigia kelele huku Kaka Hamisi kasimama pembeni yako. Anayekuletea ni Zawadi, binti wa Muheza anayefanya kazi za nyumbani huku Al Khuwair. Anakuja likizo. Mpe chai, Baba, na umwache apumzike kabla hujamuuliza habari zangu.

Nataka tuzungumze juu ya ukuta. Ndiyo, ule ule wa chumba cha mbele, wenye kidaka alimokuwa marehemu Mama akiweka taa na msahafu. Najua mmeshakubaliana ubomolewe na nyumba yote ijengwe upya kwa matofali. Najua pia kwamba aliyesema "bomoeni" ni mimi. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla fundi wa Kaka Hamisi hajashika nyundo.

Ijumaa iliyopita nilikuwa na mapumziko. Ijumaa zangu nyingi ni kulala, kuamka, kufua, na kulala tena. Lakini kila tunapopeleka mifuko ya saruji upande wa Nizwa, lori hupita chini ya vilima vyenye ngome na minara ya zamani, imepangana kando ya mto, na kila mara najiambia siku moja nitapanda. Nikamwambia Onyango, Mkenya wa Kisumu anayeendesha ile mashine ya kunyanyulia mizigo stoo. Akanitazama kama mtu anayetazama mgonjwa. Akaniuliza siku moja tu ya kupumzika ninayo, nami nataka kwenda kuangalia kuta? Alinicheka mpaka usiku, na asubuhi nikamkuta ameshavaa viatu, eti anataka picha za kumtumia mchumba wake.

Gari hatuna. Na katika nchi hii kutembea bila gari ni kama kwenda harusini bila viatu: hakuna atakayekufukuza, ila kila mtu atakuangalia miguu. Tulipanda basi mpaka Fanja, dereva akatushusha karibu na daraja, akatuuliza mara mbili kama kweli ni hapa tunaposhuka.

Baba, nilipokwambia mto usifikirie Pangani. Wenyewe wanauita wadi. Sehemu kubwa ni changarawe tupu, na katikati kuna maji membamba yanayokufika kwenye kifundo cha mguu. Ukiuona utasema huu ni mfereji na utauliza mto wenyewe uko wapi. Lakini kando yake kuna mitende mingi mno, kijani kitupu katikati ya milima ya rangi ya chungu kilichoungua, na wanasema mvua ikinyesha milimani maji hushuka ghafla yakabeba magari. Nilifurahi nilipoyaona yale maji, nikavua viatu nikasimama ndani yake kidogo. Sijakanyaga maji ya mto miaka mitatu.

Mnara wa Fanja uko juu ya kilima, tukapanda kwa njia ya mawe. Katikati ya safari Onyango alikaa kwenye jiwe akatangaza kwamba yeye ni mtu wa ziwa na milima hakuzaliwa nayo. Mimi nilipofika juu, kitu cha kwanza nilichofanya si kuangalia mandhari. Niliuparuza ukuta kwa ukucha. Nikajicheka mwenyewe, kwani hivyo ndivyo ulivyokuwa ukifanya wewe, na ufundi wako wa chokaa, kila tulipoingia nyumba ya watu, mpaka Mama akaona haya. Ukuta haukutoka hata unga. Mawe ya wadi na udongo wao wa kuchoma, wenyewe wanauita saruji, lakini si hii ya mfuko. Wanauchoma tanurini kwa magogo ya mitende, wanautwanga, wanauchanganya na maji, kazi ile ile ya chokaa yako.

Kutoka Fanja tulidandia teksi ya watu wengi hadi Bidbid. Dereva akatupa pole kwa gari letu kuharibika. Nilipomwambia hatukuwa na gari tangu mwanzo, akatupa pole zaidi. Ngome ya Bidbid ipo kwenye kilima kidogo pale wadi inapopinda, nzuri, imenyooka, na mlango wake una komeo. Ijumaa, Baba. Miaka mitatu Uarabuni, mtoto wa Kiislamu niliyelelewa na wewe, nikasahau kwamba Ijumaa milango hufungwa. Onyango alinunua sambusa, akakaa kivulini akizila mbele ya lile komeo, nami nikaenda kuswali.

Baada ya swala kijana mmoja mwenye pikapu alitupa lifti hadi Sumail. Huko nako ngome kubwa iliyo juu ya jabali ilikuwa imefungwa. Onyango akasema basi, turudi, kuta tumeziona kwa nje na kuta zina upande mmoja tu wa maana. Tulikuwa tunabishana njiani hivyo, kwa sauti kubwa, ndipo mtu akatujibu kwa Kiswahili kutoka juu. Kilimani, juu ya shamba la mitende, kulikuwa na mnara mdogo usio na hata kibao cha jina. Pembeni yake amesimama bwana wa makamo, kanzu ameikunja kiunoni, mkononi ana mpira wa maji. Akauliza tunatoka wapi, na gari yetu iko wapi.

Jina lake Bwana Seif. Alizaliwa Tabora, akaja huku na wazee wake akiwa kijana, akafanya kazi wizarani hadi kustaafu. Mnara ule ni wa babu yake. Alikuwa ametandaza magunia juu ya ukuta mpya, anayamwagia maji taratibu. Nikamuuliza kama hapumziki hata Ijumaa.

"Chokaa haijui Ijumaa," akasema. "Nkiiacha leo ikakauka upesi, kesho ntakuta nyufa."

Baba, nilikaa chini pale pale. Maana nilikuona wewe, sikukuu ya Idi, kanzu mpya mwilini, pilau limeshapakuliwa, na wewe huyo unatoka na ndoo kwenda kulowanisha magunia kwenye ukuta wa mtu. Sisi watoto tulinuna. Mimi nilinuna kuliko wote. Siku hiyo nilijiapiza kwamba nikikua sitafanya kazi inayoomba maji kama mtoto mchanga. Na kweli sikufanya. Nikaja kubeba saruji.

Bwana Seif alituletea kahawa na tende, kisha akanionyesha upande wa pili wa mnara. Huko ukuta ulikuwa umevimba na kubanduka vipande vipande, na palipobanduka, ndani kulikuwa na chumvi nyeupe na unyevunyevu, mawe yanachomoka kwa kidole. Niliujua ugonjwa ule. Ni ule ule wa chumba cha mbele, kwenye picha alizonitumia Kaka Hamisi. Nikauliza ni nani aliyeuharibu. Hakumsingizia mtu.

"Mimi mwenyewe," akasema. "Nlipaka saruji ya mfuko, nkidhani nnauhifadhi. Kumbe nnauziba pumzi. Ukuta huu unatoka jasho, na jasho likikosa pa kutokea, huula ukuta kwa ndani."

Unakumbuka, Baba? Mimi nakumbuka, na ndiyo maana usingizi umenikimbia tangu Ijumaa. Mwaka juzi nilipotuma pesa za saruji ili ipakwe nyumba nzima, nikijiona mtoto mwenye shukrani, ulinipigia simu ukaniambia jambo moja tu: "Athumani, utauziba pumzi." Nami nikakujibu kwamba hayo ni ya zamani, dunia imebadilika, mimi niko kwenye saruji kila siku na naijua. Hukubisha. Ukuta ulipoanza kuvimba, wote tukasema chokaa ya Baba imechoka. Hata mtaani wakasema. Nawe hukubisha. Kaka alipokwambia sasa ubomolewe, na kwamba Athumani naye amekubali, ulisema "sawa, wanangu," ukaacha kukaa chumba kile. Dada Mwanaisha ndiye aliyeniambia. Nilidhani umekubali. Sasa naelewa kwamba ulikuwa umechoka kusema.

Nisamehe, Baba. Ukuta wako haukuchoka. Niliuua mimi, kwa mapenzi na ujuaji.

Niliomba nyundo na patasi. Muda wote mpaka alasiri nilibandua saruji ile, mimi ninayeishi kwa kuipakia, na Onyango akanipiga picha akisema atampelekea msimamizi. Mwishowe naye akashika nyundo. Chini ya gamba lile Bwana Seif alinionyesha kwamba ukuta ukiachwa wazi ukapumua, ukakauka wenyewe, chokaa ya asili hurudishwa palipoliwa, na mawe hushika tena. Upande wa kwanza ulikuwa hivyo hivyo miaka miwili nyuma, akasema, na sasa niuparuze. Nikauparuza. Haukutoka unga. Alitushusha kwa gari lake hadi barabara kuu, tukangoja basi muda mrefu, mikono yangu myeupe kama zamani nilipokuwa nakukorogea.

Nilimpigia Kaka Hamisi usiku ule ule. Alikasirika, na simlaumu: kwanza nilisema vunja, sasa nasema usivunje, na matofali yameshaagizwa. Lakini Kaka ni muungwana. Alisema kwamba mzee mwenyewe amesema sawa, na yeye hawezi kusimamisha kazi kwa maneno ya mtu aliye ng'ambo. Ila Baba akisema hapana kwa mdomo wake, matofali yatajenga banda la kuku na ukuta utabaki. Atangoja barua hii ifike, halafu hatangoja tena.

Kwa hiyo, Baba, si mimi wa kuuokoa. Ni wewe. Najua hupendi kubishana na watoto wako. Lakini mara hii moja, useme. Usiseme kwa ajili yangu, wala kwa ajili ya kidaka cha Mama, ingawa nakitaka nikikute. Sema kwa sababu ulikuwa sahihi.

Nisalimie Kaka Hamisi, mwambie hasira zake nimezipokea na zawadi ya kumpoza itakuja. Nisalimie Dada Mwanaisha, mwenye macho ya kuona yasiyosemwa. Mpe shikamoo yangu Shangazi Mwanahamisi, asiache kuniombea hata akinisahau jina. Na Mzee Kombo jirani, aliyesema chokaa yako imechoka, msalimie pia, kisha msomee ukurasa wa tatu.

Likizo yangu imeandikwa mwezi wa sita. Kwa hiyo ukishamwambia Kaka, bandueni saruji yote, ukuta uachwe upumue. Lile shimo la nyuma ya jiko lisafishwe, uloweke chokaa sasa hivi, ilale humo kama ulivyonifundisha, ifunikwe, isiharakishwe. Usimwache mtu aipake. Kila baada ya muda chovya mwiko. Ukitoka mkavu, chokaa haijaiva, na mimi bado niko njiani. Ukitoka umegandwa na chokaa, imeiva; weka ndoo mbili mlangoni na magunia yako ya Idi, kwani nitakuwa nimefika, na safari hii sitanuna.

Mwanao, mbeba saruji,
Athumani